Kupima Mapigano na Ukuaji wa Mhusika Katika Episodi ya Anime

Episodi ya anime (katuni za Kijapani) ya televisheni huchukua takriban dakika 24. Ondoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia, kwa kawaida sekunde 90 kila mmoja, unabaki na kama dakika 21. Kabla ya kuzigawa, jibu hili: mhusika anaingia akiamini nini, na anatoka akiamini nini?

Kisha tia uamuzi ndani ya pigano: amwokoe mwenzake au amfukuze adui? Tabia itaonekana bila hotuba. Kosa linalochosha kuliko yote ni kumsimamisha mpiganaji ngumi ikiwa hewani ili akumbuke utoto wake, kasi hufa. Kumbukumbu hiyo iweke nusu ya kwanza, halafu pigano liigusie kwa picha moja tu. Mapigano hudai michoro mingi, kwa hiyo dakika 3 nzuri zinatosha.