Kuzunguka Gielinor bila kupigana: njia ninayoitumia kwenye simu

Kibanda changu cha kutuma na kutoa pesa kiko Busia, upande wa Uganda, kando ya barabara ambayo malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Kenya. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeniwekea Old School RuneScape kwenye simu, siku moja mvua ilipotufungia humo ndani. Akanichagulia upanga, akanionyesha zimwi, akasema, "Shangazi, piga huyo!" Nikapiga. Katikati ya kupiga akaja mteja anataka kutoa elfu hamsini, kitambulisho kimelowa na namba ya siri kaisahau. Nilipoishika simu tena, mtu wangu alikuwa ameshakufa.

Tangu siku hiyo sipigani. Zimwi halingoji mteja ahesabu noti zake, na mteja hangoji zimwi life. Lakini mchezo sikuuacha, kwa sababu dunia yake, Gielinor, ni kubwa na inapendeza kuitembea. Nikaja kugundua pia kwamba mazimwi wake hufuata kanuni zisizobadilika. Ukizijua unapita kati yao kama unavyopita kati ya mbwa wa mtaani kwenu: huyu unamjua hubweka tu, yule unamjua huuma.

Kwa asiyeujua: ni mchezo wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulifunguliwa mwaka 2013 ukiwa umejengwa juu ya toleo lake la 2007, na tangu 2018 unachezwa kwenye simu. Kuna sehemu ya kulipia na sehemu ya bure. Haya yote ninayoyaeleza yanafanyika kwenye sehemu ya bure.

Hatua ya 1: Ua panya, kisha basi

Samahani, hapa hakuna ujanja. Kila mchezaji huanzia kwenye kisiwa cha mafunzo, na mwalimu wa vita hakuruhusu kupita mpaka uue panya kwa upanga na mwingine kwa upinde. Mbele yake kuna kuku wa kumrushia uchawi. Fanya, toka. Utashukia mji wa Lumbridge ukiwa na levo ya vita 3, na levo hiyo ndiyo tunayotaka kubaki nayo.

Hatua ya 2: Mipangilio

Kwenye kichupo cha vita kuna kitufe kimeandikwa "Auto Retaliate". Kizime. Kikiwaka, mtu wako akipigwa atageuka kujibu mwenyewe, na wewe ulitaka akimbie. Kisha nenda kwenye mipangilio ya vidhibiti, tafuta chaguo la kushambulia viumbe, uweke "Hidden". Neno la kushambulia litatoweka kabisa, hata kidole kikiteleza hutamgusa mtu. Kwenye skrini ndogo kama yangu, yenye ufa juu, hilo limeniokoa mara nyingi.

Unapochagua seva, angalia bendera za nchi. Mimi nachukua za Uingereza au Ujerumani, ambazo kutoka huku ziko karibu kuliko za Marekani. Seva yoyote iliyoandikwa PvP iache: huko wachezaji wenzako wanaruhusiwa kukuua karibu kila mahali.

Hatua ya 3: Soma nukta kabla hujasogea

Pembeni juu kuna ramani ndogo ya duara. Nukta nyeupe ni wachezaji, nyekundu ni vitu vilivyoanguka chini, za njano ni viumbe na watu wa mchezo wenyewe. Ukiona njano zimekusanyika mbele yako, simama. Bonyeza kiumbe ukishikilia kidole, jina lake litatokea pamoja na levo yake. Levo ikiandikwa kwa kijani yuko chini yako, njano mko sawa, nyekundu amekuzidi. Kwa levo 3, zoea kuona nyekundu.

Nyekundu peke yake haina maana kwamba atakurukia. Wako viumbe wakubwa wasiomgusa mtu mpaka waguswe. Wale wakali nao wana kanuni yao: humwacha mtu ambaye levo yake imezidi mara mbili ya levo yao. Sisi wa levo 3 hatuzidi mara mbili ya chochote cha maana, kwa hiyo hesabu kwamba kila mkali anakuhusu.

Ila kuna kanuni ya pili, na hii naipenda sana. Ukikaa eneo moja kwa dakika 10, wakali wa eneo hilo wanakuzoea na kuacha kukushambulia. Ukienda mbali ukarudi, hesabu inaanza upya. Kuna mahali nilijibanza nyuma ya ua nikila rolex yangu, chapati iliyokunjwa na mayai, taratibu, dakika zikatimia, nikatoka nikatembea kati yao kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa.

Hatua ya 4: Jifunze kukimbia vizuri

Saa ya mchezo huu hupiga kila sekunde 0.6. Kila pigo, anayetembea husogea mraba mmoja na anayekimbia husogea miwili. Viumbe wengi wanapokufukuza hutembea tu. Maana yake ukikimbia hawakufikii, na hata intaneti ikisuasua kidogo hupotezi kitu, kwa kuwa pigo lenyewe ni la polepole. Wanaobaki kuwa tatizo ni wanaopiga kwa mbali, kama wachawi. Hao wapitie mbali tangu mwanzo.

Kukimbia kunakula nguvu, na nguvu huisha haraka kadiri ulivyobeba mizigo mizito. Usiikimbize barabara nzima kwa furaha. Tembea pale palipo salama, tunza nguvu, ifungulie mbio pale unapopajua ni pabaya. Madereva wa boda watanielewa: huwezi kupanda kilima na tanki uliloshalimaliza kwenye tambarare.

Nguvu ikiisha njiani, tumia vizuizi. Viumbe hawa hawajui kuzunguka. Weka ua, mwamba au mti kati yako na anayekufukuza, atasimama upande wa pili anakukodolea macho. Usimfanyie hivyo mwenye upinde au uchawi, lakini.

Na mteja akija ghafla? Usitegemee kutoka kwenye mchezo wakati unapigwa. Haukuruhusu mpaka zipite sekunde 10 tangu vita viishe. Simama kwanza mahali pasipo na njano za kutisha, ndipo uiweke simu chini.

Hatua ya 5: Beba vitu vitatu

Ukifa unafufukia Lumbridge na vitu vyako vitatu vyenye thamani kubwa zaidi. Vingine vinabaki kwenye kaburi pale ulipofia, na una dakika 15 za kuvirudia. Kwa hiyo mtembezi anayebeba vitu vitatu hapotezi chochote. Benki ya Lumbridge iko ghorofa ya juu kabisa ya kasri. Weka huko vingine vyote.

Jihadhari na jambo moja lililoniuma: kila sarafu huhesabiwa kama kitu kimoja. Ukifa na sarafu elfu mbili, unaamka na sarafu tatu. Mimi mwenye kazi ya kulinda floti ya watu nilijifunza hilo kwa njia mbaya, nitalisimulia mbele.

Hatua ya 6: Pata nauli, vuka bahari

Sasa tutembee. Safari yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kwenda Karamja, kisiwa cha migomba, na nauli ya meli ni sarafu 30. Pesa hiyo utaipata kwa Fred, mfugaji wa kondoo kaskazini-magharibi ya Lumbridge. Anataka mabunda 20 ya nyuzi za sufu. Mkasi uko nyumbani kwake. Wakate kondoo, na usishangae mmoja akikuponyoka mkononi akakimbia, mrudie tu. Sufu 20 zinaingia kwenye mkoba kwa raha, kwani una nafasi 28. Zipeleke kwenye kasri, ghorofa ya kwanza, kuna gurudumu la kusokotea. Sokota zote, mrudishie Fred, atakulipa sarafu 60. Kwenda 30, kurudi 30. Kama vile alijua ninakokwenda.

Bandari ni Port Sarim, upande wa magharibi. Njiani kuna sehemu mbili za kufungulia mbio. Ya kwanza ni gereza lililo kabla ya kufika kijiji cha Draynor: askari wake ni levo 26 na hawaulizi kosa lako. Pitia mbali nalo. Ya pili ni kati ya Draynor na Port Sarim, ambako kuna mnyang'anyi wa barabarani, levo 5. Atakupigia kelele usimame. Usisimame. Akikupiga mara moja mbili utaishi, kwa kuwa una uhai 10; ukifika mbele kula kamba mmoja wa kuokwa, anarudisha 3. Au subiri tu, uhai hujirudisha mmoja kila dakika.

Ukishalipa nauli na kushuka Karamja, nenda kwenye shamba la ndizi. Mwenye shamba anaitwa Luthas. Ukimjazia kreti kwa ndizi 10 anakupa sarafu 30, na ndizi zinachumwa hapo hapo kwenye migomba. Mtu wa Uganda kuvuka bahari kwenda kuchuma ndizi kwa kibarua, nilicheka peke yangu. Lakini ni pesa ya amani, na unaweza kurudia. Volkeno iliyo katikati ya kisiwa itazame kwa nje tu. Chini yake kuna buibui wekundu, mifupa inayotembea na mashetani wa levo 82.

Wakati wa kurudi, gatini kuna afisa wa forodha. Anakupekua kabla hajakuruhusu kupanda, na akikukuta na pombe ya Karamja anaichukua. Hapo sikuhitaji mafunzo. Mimi ni wa Busia.

Hatua ya 7: Shimo la Barbarian Village

Kijiji hiki kiko kati ya miji ya Varrock na Falador, na katikati yake kuna shimo lenye ngazi. Ghorofa yake ya kwanza kwenda chini imejaa wakali, na mwisho wake kuna zawadi ya sarafu 2,000 inayoitwa "Gift of Peace", yaani zawadi ya amani. Huipati kwa kuua. Unaipata kwa kufika.

Milango yake imepangwa miwili miwili, na kuna kijichumba katikati. Kila ukipita, mlango unakuuliza swali kuhusu usalama wa akaunti: mtu akikuomba nywila utafanyaje, na kadhalika. Jibu lake ni lile lile ninalowaambia wateja kila siku kuhusu namba ya siri. Ingia bila kubeba chochote, nguvu ya kukimbia ikiwa imejaa, utazame ramani ndogo kabla ya kila mlango. Kijichumbani pumua, uangalie walioko mbele wamesimama upande gani, ndipo utoke mbio kuelekea mlango unaofuata.

Nilikufa mara nne. Mara tatu za kwanza sikupoteza kitu, mikono ilikuwa mitupu. Mara ya nne nilikuwa nimeshaichukua zawadi, nikaamua kurudi kwa miguu njia niliyojia. Nikafufuka Lumbridge na sarafu tatu. Kaburi langu lilikuwa na dakika 15 na kibandani kulikuwa na foleni ya watu watano, basi hesabu mwenyewe. Ukishachukua zawadi, tumia pale pale uchawi wa kurudi Lumbridge. Ni bure, ila ukishautumia unangoja dakika 30 kuutumia tena, na ukipigwa kabla haujakamilika unakatika. Kwa hiyo usiuchezee kabla hujaingia shimoni.

Mahali pa kuacha

Kusini tu mwa Varrock kuna duara la mawe lenye wachawi weusi, levo 7 na 20. Wanapiga kwa mbali na wameua wageni wengi kuliko yeyote ninayemfahamu mle. Kutoka Lumbridge mimi huvuka daraja, nafuata upande wa mashariki kando ya zizi la ng'ombe, naingia Varrock kwa lango la mashariki. Ni mbali kidogo lakini unafika.

Kaskazini kabisa kuna mtaro mrefu. Ng'ambo yake ni Wilderness, ambako wachezaji wanauana. Utapewa onyo kabla ya kuuruka. Utakutana pia na watu wa kukualika: nifuate nikuonyeshe kitu, nipe pesa yako niirudishe mara mbili. Nimekaa kibandani miaka ya kutosha kuujua wimbo huo. Usimjibu.

Angalia pia zawadi za kazi unazopewa. Baadhi zinakupa pointi za uzoefu kwenye sala au uchawi, na hizo huweza kupandisha levo yako ya vita bila wewe kumpiga mtu. Ya kondoo inakupa za ufundi tu.

Kujua umefika wapi

Fungua orodha ya muziki. Kila eneo la Gielinor lina wimbo wake, na jina la wimbo hugeuka kijani siku unapokanyaga eneo hilo. Ambazo hujafika zinabaki nyekundu. Hii ndiyo ramani yangu ya kweli. Jioni nikifunga hesabu ya kibanda, naifungua, nachagua jina moja jekundu, nauliza liko wapi, na kesho yake nalitafuta.

Zipo ambazo hufunguka ng'ambo ya mtaro tu. Mtoto wa kaka yangu ananiambia twende wote, atanilinda. Nimemwambia hizo ziendelee kuwa nyekundu.