Namna ya Kusoma Matabaka ya Miamba kwa Njia ya William Smith
Anzia kwenye ukingo wa mto uliokatwa wima, mahali ambapo maji yameacha miamba wazi, kisha pima unene wa kila tabaka kutoka chini kwenda juu na uandike rangi yake. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya miamba, ndivyo vinavyodai uangalifu mkubwa zaidi: kiandikie kila kimoja tabaka lake papo hapo, kwa maana kikichanganyika na vingine hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Smith, aliyepima njia ya mfereji wa makaa ya mawe huko Somerset, Uingereza, katika miaka ya 1790, alitambua kwamba matabaka yanayofanana kwa sura hutofautishwa na visukuku vyake, na kwa ujuzi huo akachora ramani yake ya matabaka ya miamba ya mwaka 1815. Madini yakwaruze kwa kisu ili kupima ugumu wake.