Fundisha Kilwa pamoja na mwalimu wa jiografia

Mwalimu mwenzangu wa historia chuoni, kabla hujaingia mada ya Kilwa, ule mji wa kale wa biashara pwani ya kusini mwa Tanzania, kaongee na mwenzako wa jiografia. Kundi lilelile la wanafunzi lisome kozi zote mbili muhula mmoja. Yeye atangulie na pepo za msimu: kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, kisha kusi inayorudisha vyombo. Wewe nyamaza kwanza. Wape ramani, wapige hesabu: jahazi lililotoka Arabuni linafika wapi na kurudi kabla upepo haujawageuka? Wataona wenyewe kwamba kwenda moja kwa moja hadi Sofala, bandari ya dhahabu huko Msumbiji, kulikuwa kujitakia kukwama, ila Kilwa ilifikika. Hapo sasa mlete Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, na ile sarafu ya Kilwa iliyopatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale bara huko Zimbabwe.

Insha iwe moja tu, msahihishe wote wawili. Mkitoa mbili, kila mtu anarudi kwenye somo lake na mtakuwa mmeunganisha ratiba tu. Mgawanyo wa alama mkubaliane mapema, maana walimu hugombania hapo.