SOMO: Asali na habasoda ya kifua, jinsi ya kuandaa nyumbani bila kuharibu (maswali yenu chini)

Asalam aleykum wapendwa, na wasio Waislamu humu habari zenu. Niliahidi wiki iliyopita nitaweka somo la ile dawa ya kikohozi na mafua tunayotengeneza huku Tanga nyumba nyingi tu, sasa mvua zimeanza na watoto wote pua zinachuruzika, nikaona nisichelewe.

Kwanza niseme mapema ili tusigombane huko chini. Mimi naamini aya ya Surat An-Nahl inayosema kinachotoka matumboni mwa nyuki kina tiba kwa watu, na ile hadithi ya habasoda kuwa ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti naijua na naiamini. Lakini Mtume huyo huyo (SAW) ndo alisema jitibuni, kwahiyo kwenda hospitali nako ni kufuata sunna, siyo upungufu wa imani. Hii chupa ni ya kikohozi cha kawaida tu, cha mafua, koo linawasha usiku, mtoto halali na wewe hulali. Basi.

MAHITAJI
Asali kikombe kimoja cha chai (kama mililita 250 hivi), habasoda vijiko viwili vya chakula, tangawizi ya unga kijiko kimoja cha chai. Limau utakamulia wakati wa kunywa, usitie kwenye chupa. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imechemshwa na kukaushwa KABISA.

HATUA YA 1, kuchagua habasoda
Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Sokoni kuna mbegu za kitunguu zinauzwa kama habasoda na kuna ufuta mweusi, kwa macho vyote vyeusi vidogo. Chukua chache sugua kwenye kiganja kwa nguvu halafu nusa, habasoda inatoa harufu kali kama ya viungo fulani hivi, inapanda puani, na ukitafuna ina uchungu na ukali kidogo kama pilipili manga. Mbegu ya kitunguu haina hiyo harufu. Ufuta ni bapa na laini ukiushika, habasoda ina pembe pembe na inakwaruza. Muuzaji akikataa usinuse hama duka.

HATUA YA 2, kukaanga na kusaga
Pepeta utoe mchanga. Weka kikaango kikavu moto mdogo kabisa, koroga dakika mbili tatu mpaka harufu ianze kutoka halafu ipua, usisubiri itoe moshi maana ukiiunguza umebaki na mkaa. Ikipoa twanga kwenye kinu kidogo au tia kwenye blenda ya viungo. Saga ya chupa moja tu! Habasoda ina mafuta mengi, ikishasagwa ikakaa wiki kadhaa inachacha inanuka mafuta ya zamani, nzima nzima inakaa miezi mingi tu haina shida.

HATUA YA 3, asali
Asali nzuri tunaijua, ya Tabora, ya Singida, ukipata ya nyuki wadogo mshukuru Mungu na uandae pesa. Sasa vile vipimo vya kuchoma kwa kiberiti, kudondoshea kwenye maji, kuona kama sisimizi wanaila, jamani havina uhakika, sukari iliyopikwa vizuri inapita vyote hivyo. Na asali kuganda haimaanishi imechakachuliwa, asali halisi nyingi inaganda yenyewe, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu italainika. Dawa ni kununua kwa mtu unayemjua, mtu ambaye ukirudi kulalamika utamkuta.

Usichemshe asali. Haigeuki sumu kama wengine wanavyotisha, ila inapoteza harufu na vile vitu vyake vizuri, sasa hela yote hiyo ya nini.

HATUA YA 4, kuchanganya
Mimina asali, tia unga wa habasoda na wa tangawizi, koroga na kijiko KIKAVU, funika, kaa nayo usiku mmoja ndo uanze kutumia. Mbona tangawizi ya unga na si mbichi? Ngoja niwape kisa. Mwaka juzi mwezi wa Shaaban nilitaka kujifanya fundi, nikanunua tangawizi mbichi nzuri zile za Same, nikasaga, nikajaza chupa kubwa ya lita mbili nikaweka kabatini nasema hii ya Ramadhani yote. Siku ya kumi hivi nasikia PUH jikoni, kifuniko kimeruka, povu mpaka kwenye sahani, harufu ndo usiseme. Nilikuwa nimepika pombe, mimi, na kilemba changu kichwani. Mume wangu mpaka leo akiona asali ananiuliza hii ni ya kunywa au ya kukamatwa. Sababu yake ni kwamba asali haiozi kwa kuwa ina maji kidogo sana, ukiiongezea maji ya tangawizi mbichi au limau ndo umeipa hamira ruhusa ya kufanya kazi. Ukipenda mbichi tengeneza ya siku tatu nne tu uweke kwenye friji.

HATUA YA 5, kipimo
Mtoto CHINI YA MWAKA MMOJA hapewi asali. Hata ncha ya kidole. Nitarudia huko chini maana najua mtauliza.
Mwaka mmoja mpaka mitano: asali tupu, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, habasoda muache kwanza.
Sita mpaka kumi na moja: kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko.
Kumi na mbili na kuendelea, na watu wazima: viwili. Unaweza kukorogea kwenye maji ya uvuguvugu na limau. Soma Bismillah, kunywa, lala. Na kama umempa mtoto usiku mswakishe, asali ni sukari hata kama imetajwa kwenye Qur'an.

WAKATI WA KUACHA CHUPA NA KUKIMBIA
Kikohozi kimezidi wiki mbili, nenda kapime TB, kwenye vituo vya serikali ni bure. Mtoto anapumua haraka: mkiwa mmetulia halii, hesabu dakika nzima kwa saa, wa miezi 2 hadi 12 akifika pumzi 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, huyo apelekwe. Kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu akivuta pumzi, hashiki ziwa, analegea, hapo usikoroge chochote, panda bodaboda.

MASWALI YENU

Mwanachama wa Mwanza: Bwana Yesu asifiwe dada, mimi ni Mkristo, hii naruhusiwa au ni mambo ya kisomo?
Jibu: Asifiwe mpenzi. Hakuna kisomo humo ni chakula. Kwenu Mithali 24 inasema mwanangu ule asali kwa kuwa ni njema, na ukigeuza sura moja mbele, 25, inasema ule kiasi cha kukutosha usije ukashiba ukaitapika. Hiyo ya pili waambie watoto wangu.

Mwanachama wa Mombasa: Mamangu anatumia dawa za presha na sukari, nimpatie?
Jibu: Habasoda yenyewe inaweza kushusha presha na sukari, ukijumlisha na vidonge anaweza kushuka kupita kiasi akaanguka, na asali kwa mwenye sukari unaijua. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu hata tangawizi nyingi siyo nzuri. Muulizeni daktari wake kwanza, na asiache vidonge vyake kwa sababu ya post yangu, nakuomba sana.

Mwanachama wa Pemba: Nina mimba miezi minne.
Jibu: Hongera shoga. Habasoda ya kunyunyiza kwenye mkate haina neno, ya vijiko kama dawa acha mpaka ujifungue. Asali na limau kunywa.

Mwanachama wa Muscat: Nimejifungua wiki hii, mama mkwe anataka kumfanyia mtoto tahniki (kumpaka kitu kitamu kinywani mtoto mchanga) kwa asali, anasema ni sunna na wanawe wote aliwafanyia hivyo wako wazima. Nafanyaje nisimvunjie heshima?
Jibu: Hili nilikuwa nalisubiri. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo letu wakubwa linakimudu, ila utumbo wa mtoto mchanga bado, kinaota mle ndani kinatoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anaanza kukosa choo, sauti inafifia, shingo inalegea, mpaka pumzi. Haitokei kwa wengi, ndo maana wanawe wako wazima alhamdulillah, lakini ikitokea ni ICU. Na kuichemsha hakusaidii. Sasa kwa mama usiende na habari za vijidudu, atakuona umesoma sana. Mwambie mama, Mtume alipoletewa mtoto wa Abu Musa alimfanyia tahniki kwa TENDE, naomba na mjukuu wako afanyiwe kama yule. Tende ilainishwe sana, kidole kisafi kilichooshwa, apakwe kidogo tu kwenye fizi asipewe kipande, halafu ziwa la mama yake. Yeye ndo amshike wakati huo, umpe hiyo nafasi.

Huyo huyo wa Muscat: Amekubali!! Ila ameuliza asali yake aliyobeba kutoka Zanzibar afanyie nini.
Jibu: Wewe mzazi si una mgongo unauma na koo limekauka kwa kelele za labor? Kunywa wewe.