Jinsi ya kuondoa athari za angahewa katika vipimo vya setilaiti vya rangi ya bahari

Setilaiti inayopima rangi ya bahari haiioni bahari peke yake. Mwanga unaoingia katika kihisi chake umepita katika angahewa, na sehemu kubwa ya mwanga huo haikuwahi kuzama majini hata kidogo: ilitawanywa na molekuli za hewa na chembe za chumvi, vumbi na moshi, kisha ikarudi juu. Hata katika maji maangavu ya bahari kuu, mwanga uliotoka ndani ya maji ni takriban sehemu moja kati ya kumi ya mwanga wote unaopimwa katika rangi ya buluu, na katika rangi nyekundu ni mdogo zaidi ya hapo. Anayetafuta kiasi cha klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, au mashapo hana budi kuziondoa kwanza zile sehemu tisa ili abaki na ile moja, na kosa dogo katika zile tisa huwa kosa kubwa katika ile moja. Ndiyo maana kazi hii hudai uangalifu katika kila hatua.

Anza na data iliyokwisha kupitia kalibresheni, yaani kusawazishwa kwa vipimo vya kihisi, na kupangiwa mahali pake duniani, pamoja na taarifa za hali ya hewa za saa ileile: mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari, kasi ya upepo, unyevu, mvuke wa maji, ozoni na naitrojeni dioksaidi. Programu ya bure ya SeaDAS, inayotolewa na NASA, huweza kupakua taarifa hizo yenyewe, lakini hakikisha kwamba imezipata kweli. Zikikosekana, huenda wastani wa miaka mingi ukatumika badala yake, na picha itakayotoka itapendeza macho ilhali thamani zake zimepotoka.

Kisha tenga pikseli za nchi kavu, mawingu na barafu. Mawingu kwa kawaida hutambuliwa kwa mng'ao wao katika infraredi ya karibu, mwanga usioonekana ulio ng'ambo tu ya nyekundu, kwa sababu bahari safi ni nyeusi huko. Kipimo hiki hukosea kwenye midomo ya mito, ambako tope hung'aa kiasi cha kudhaniwa kuwa wingu. Mtafiti wa maji ya pwani asiporekebisha kiwango hicho hupoteza pikseli zilezile alizozifuata.

Gesi zinazofyonza mwanga hushughulikiwa upesi. Ozoni hufyonza zaidi karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 600, naitrojeni dioksaidi hufyonza katika buluu, na oksijeni ina mkanda mwembamba wenye nguvu karibu na nanomita 762. Kihisi cha SeaWiFS, kilichorushwa mwaka 1997, kilikuwa na bendi, yaani kipande chembamba cha mawimbi kinachopimwa peke yake, ya nanomita 765 iliyoukumba mkanda huo na kuhitaji marekebisho ya ziada. Katika MODIS, kihisi kingine cha NASA, bendi hiyo iliwekwa kwenye nanomita 748 ili kuukwepa. Povu la mawimbi na mng'aro wa jua juu ya maji hukadiriwa kutokana na kasi ya upepo, mng'aro ukikadiriwa kwa uhusiano wa upepo na mteremko wa mawimbi uliochapishwa na Cox na Munk mwaka 1954. Mng'aro ukiwa hafifu, utoe. Ukiwa mkali, itupe pikseli. Ni bora kuukwepa kabisa, na ndiyo sababu SeaWiFS kiliweza kuinamishwa nyuzi 20, kama ilivyo kwa kihisi kikuu cha PACE, setilaiti iliyorushwa Februari 2024.

Tuchukue sasa pikseli moja ya mfano na kuifuata. Baada ya kuondoa gesi, povu na mng'aro, uakisi wake, yaani sehemu ya mwanga wa jua inayorudishwa, kwenye nanomita 443, ambayo ni buluu, ni 0.150.

Hatua inayofuata ni kuondoa mtawanyiko wa molekuli za hewa, uitwao mtawanyiko wa Rayleigh. Nguvu yake hupungua takriban kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, kwa hiyo kwenye nanomita 443 ni karibu mara 15 ya ulivyo kwenye nanomita 869. Fizikia yake inajulikana vizuri, na thamani husomwa kutoka katika majedwali yaliyokokotolewa mapema kwa kila pembe ya jua na ya kihisi, kwa kuzingatia polaraizesheni ya mwanga na mtikisiko wa uso wa bahari. Majedwali hayo yamejengwa juu ya mgandamizo wa kawaida wa hektopaskali 1013.25, hivyo ni lazima thamani irekebishwe kwa mgandamizo halisi. Katika pikseli yetu jedwali linatupa 0.120, na kinachobaki ni 0.030. Kosa la asilimia moja tu katika mgandamizo, yaani hektopaskali kumi hivi, lingehamisha matokeo kwa 0.0012. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini tutakuta kwamba maji yenyewe yamechangia 0.016 tu.

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi, nacho ni erosoli, yaani zile chembe za chumvi, vumbi na moshi zinazoelea hewani. Kiasi chake na aina yake hubadilika siku hadi siku na mahali hadi mahali, kwa hiyo hakuna jedwali linaloweza kutuambia mapema. Njia iliyoenea, ambayo msingi wake uliwekwa na Gordon na Wang mwaka 1994, hutumia ukweli kwamba maji hufyonza sana mwanga wa infraredi ya karibu. Katika bahari safi, chochote kinachobaki huko baada ya kutoa mtawanyiko wa molekuli huhesabiwa kuwa erosoli. Bendi mbili hutumika: moja huonyesha kiasi, na uwiano wa zote mbili huonyesha aina, kwa maana chembe ndogo hutawanya zaidi mawimbi mafupi ilhali chembe kubwa za chumvi hutawanya karibu sawasawa. Uwiano huo huchagua kielelezo cha erosoli, na kielelezo ndicho kinachotupeleka hadi kwenye buluu.

Tuseme pikseli yetu imebaki na 0.0110 kwenye nanomita 748 na 0.0100 kwenye nanomita 869. Uwiano ni 1.10. Tukirahisisha kwa kuchukulia kwamba uwiano hukua kwa kipeo kadiri urefu wa wimbi unavyopungua, kwenye nanomita 443 uwiano dhidi ya nanomita 869 unafika takriban 1.40, na erosoli huko ni 0.0140. Toa hiyo katika 0.030, na maji yanabaki na 0.016.

Hebu tutie tope kidogo. Chukua pikseli nyingine yenye erosoli ileile na salio lilelile la 0.030 kwenye buluu, lakini maji yake yanarudisha 0.002 kwenye nanomita 748 na 0.001 kwenye nanomita 869. Kihisi sasa kinaona 0.0130 na 0.0110, uwiano unapanda hadi 1.18, na hesabu ileile inatuambia kwamba erosoli kwenye buluu ni 0.0198. Maji yanaachiwa 0.0102 badala ya 0.016: zaidi ya theluthi moja imepotea kwa sababu ya mwanga mdogo tuliodhani haupo. Kwa kuwa kanuni nyingi za klorofili hulinganisha buluu na kijani, upungufu huo wa buluu husomwa kama wingi wa fitoplanktoni, vimelea vidogo vya kijani vinavyoelea majini. Naliona kosa hili kuwa la hatari kuliko mengine yote, kwa sababu linatoa jibu linaloaminika.

Dawa ya kwanza ni kurudia hesabu: kadiria mashapo na klorofili, kokotoa kiasi ambacho maji hayo yangerudisha katika infraredi ya karibu, kitoe, kisha rudia mpaka thamani zitulie. Njia hii hufaa maji yenye tope la wastani. Tope likiwa zito, hamia kwenye mawimbi marefu zaidi, kama nanomita 1240 na 2130 za MODIS, ambako maji hufyonza mwanga kwa nguvu zaidi hata yakiwa na mashapo. Gharama yake ni kelele, yaani mabadiliko ya nasibu katika vipimo, kwani bendi hizo zilibuniwa kwa ajili ya nchi kavu na mawingu, na ishara ya bahari ndani yake ni hafifu. Ushauri wangu ni kuzitumia pale tu tope linapolazimu, badala ya kuzitandaza juu ya bahari nzima.

Vumbi la jangwani na moshi huleta tatizo la namna nyingine. Chembe hizo hufyonza buluu, lakini katika infraredi ya karibu zinaweza kufanana na chembe zisizofyonza, kwa hiyo bendi mbili zetu haziwezi kuzitofautisha. Matokeo yake ni buluu iliyopunguzwa kupita kiasi, pengine hadi chini ya sifuri.

Baada ya erosoli, gawanya salio kwa upenyaji wa angahewa, yaani sehemu ya mwanga inayofanikiwa kuivuka, ili kurudi kwenye uso wa bahari. Upenyaji ukiwa 0.80, 0.016 inakuwa 0.020, na ukigawanya kwa pai unapata uakisi wa mbali wa takriban 0.0064 kwa steradiani, ambao ndio hutumika katika kanuni nyingi za klorofili.

Hata hivyo, kosa la asilimia moja katika kalibresheni ya kihisi, yaani 0.0015 katika 0.150, ni zaidi ya asilimia tisa ya mchango wa maji. Hakuna maabara inayotosheleza usahihi huo peke yake. Kwa hiyo kihisi kikiwa angani hulinganishwa na vipimo vya baharini, hasa vya boya la MOBY, lililoko karibu na kisiwa cha Lanai, Hawaii, tangu mwaka 1997. Vizidishi vinavyopatikana, yaani namba za kuzidishia vipimo vya kihisi ili vilingane na vya boya, ni vya kihisi na kanuni kwa pamoja. Ukibadilisha kanuni ya erosoli, usiendelee na vizidishi vya zamani kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mwisho, kagua. Thamani hasi katika buluu usizifute kabla ya kuzitazama, kwa kuwa zinaonyesha mahali ambapo erosoli imezidishwa, na kuzifuta peke yake huinua wastani wa zilizobaki. Linganisha na vipimo vya baharini vilivyochukuliwa ndani ya saa tatu, ukitumia kisanduku cha pikseli tano kwa tano na kukiacha ikiwa thamani zake zinatofautiana mno. Kisha weka ramani ya uakisi wa maji kando ya ramani ya erosoli. Ukiona umbo la ukanda wa vumbi limejichora ndani ya bahari, au mstari wa buluu hafifu ukifuata ukingo wa mawingu, rudi kwenye hatua ya erosoli na kwenye alama za pikseli zilizotengwa kabla hujagusa klorofili.