Jinsi ya kulala vizuri kwenye SGR ya Dar–Moro bila kuamka shingo imekaza

Mimi nakaa Moro, kazi yangu iko Kariakoo, na tangu hii treni ya umeme ianze Juni 2024 nimeshalala humo sana tu, so nawapa ninavyofanya mwenyewe.

Hatua ya 1, siti. Ukiweza pata ya dirishani, maana ukikaa njiani kila anayepita na begi lake anakugonga bega. Mwezi wa 6 na wa 7 jua linakaa kaskazini, kwa hiyo jioni ukitoka Dar kaa kushoto, asubuhi ukitoka Moro kaa kulia.

Hatua ya 2, AC. Inapiga kweli, beba sweta na soksi hata kama Dar unatoka unavuja jasho.

Hatua ya 3, shingo, na hapa ndo penyewe. Chukua kanga ya pamba (mtandio unateleza, haufai), ikunje kwa urefu mara nne halafu isokote kama unatengeneza kata ya kubebea ndoo ila iwe ndefu, izungushe shingoni, fundo likae chini ya sikio upande wa dirisha. Kichwa kikilala kinaegemea fundo, sio kioo. Usikaze sana, vidole viwili vipite. Nyonga zirudishe nyuma kabisa mpaka ziguse mgongo wa siti, ukikaa nusu nusu utakuwa unateleza kila baada ya dakika kumi na usingizi unakatika.

Hatua ya 4, begi mapajani, mkanda wake pitisha mkononi. Tiketi weka mfuko wa shati, mkaguzi akija usianze kupekua.

Hatua ya 5, alamu. Ukienda Dar lala tu, treni inaishia pale. Ukirudi ndo uwe makini, nyingi zinaendelea Dodoma. Mimi nilishapitilizwa, nimefumbua macho tuko ndani ya handaki kule Kilosa, moyo ukanilipuka, mtoto alikuwa ananisubiri stesheni Moro. Sasa hivi natega saa moja na robo tangu treni iondoke, simu kwenye vibresheni, naibana chini ya paja. Ile ya kawaida inasimama Ngerengere kabla ya Moro, ukisikia imetangazwa fungua kanga uvae viatu. Ya haraka haisimami pale, hiyo tegemea alamu yako tu.