Kanyagio likitetemeka, usiinue mguu: namna ya kutumia na kutunza breki za ABS

Madereva wengi wa magari yenye breki za ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki, hawajawahi kuzihisi zikifanya kazi, na siku zinapofanya kazi kwa mara ya kwanza, kanyagio likaanza kutetemeka chini ya mguu na mlio wa krrr ukasikika upande wa injini, hushtuka, hudhani breki zimekatika na kuinua mguu. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kuinua mguu kuliko huo.

Tairi hushika barabara vizuri zaidi likiwa bado linazunguka. Breki ikibana kupita kiasi, gurudumu hukwama na tairi huburuzwa juu ya lami kama gunia, na hapo unaweza kukata usukani wote kulia, gari likaendelea kuserereka kule kule lilikokuwa linaelekea. Kwenye lami, nguvu ya breki huwa kubwa zaidi pale gurudumu linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, kwa tofauti ya kama asilimia 10 hadi 20, na mguu wa binadamu hauwezi kulinda tofauti hiyo kwenye magurudumu manne kwa wakati mmoja.

Kazi hiyo hufanywa na ABS. Karibu na gurudumu kuna sensa ndogo inayotazama pete yenye meno au yenye sumaku; pete ikizunguka, sensa hupeleka ishara kwenye kompyuta, nayo huhesabu kasi ya gurudumu hilo. Tuseme gari liko kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, umefunga breki ghafla, na mara gurudumu moja la mbele linashuka hadi 30 ilhali mengine bado yako karibu na 55. Gari zima haliwezi kupunguza mwendo haraka namna hiyo, kwa hiyo kompyuta inatambua kwamba gurudumu hilo linakaribia kukwama. Hufunga vali inayopitisha mafuta ya breki kwenda huko ili shinikizo lisizidi. Hilo lisipotosha, hufungua vali nyingine na kulipunguza mpaka gurudumu lizunguke tena, kisha hulipandisha upya, huku pampu ikirudisha mafuta yaliyotolewa. Haya hurudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, na msukosuko huo wa mafuta ndio unaotetemesha kanyagio. Wazo lenyewe lilitumika kwanza kwenye magurudumu ya ndege. Mfumo wa kielektroniki wa Bosch ulianza kufungwa kwenye Mercedes-Benz ya daraja la S mwaka 1978.

Kwa hiyo hatari ikitokea mbele yako, kanyaga breki mara moja kwa nguvu zako zote na usilegeze hadi gari lisimame, na kama ni gari la gia za mkono kanyaga na klachi. Macho yaelekeze penye nafasi, si kwenye kitu unachokikwepa, kisha peleka usukani huko bila kuukata ghafla. Sisi tuliojifunzia magari ya zamani tulizoeshwa kupampu breki, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha, lakini kwenye gari lenye ABS kila ukiinua mguu unaondoa shinikizo ambalo mfumo unalihitaji. Ni vyema ujaribu kabla ya siku ya hatari: tafuta uwanja mpana usio na watu, mvua ikiwa imetoka kunyesha, nenda mwendo wa kilomita 30 au 40, kisha kanyaga kwa nguvu mpaka mguu uzoee mtetemo ule.

Kwenye barabara ya changarawe au mchanga jihadhari zaidi. Gurudumu lililokwama hukusanya kokoto mbele yake na kokoto hizo husaidia kulizuia. ABS hairuhusu hilo litokee, hivyo gari huweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, ingawa usukani unaendelea kutii. Acha nafasi kubwa na upunguze mwendo mapema.

Ukiwasha swichi, taa ya ABS kwenye dashibodi hupaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha ikazimika. Ikibaki inawaka peke yake, breki za kawaida kwa kawaida bado zipo ila ulinzi wa ABS haupo. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, usiendelee na safari. Unaponunua gari lililotumika, tazama taa hiyo kwa makini, kwani isipowaka kabisa huenda mtu ameing'oa balbu ili kuficha ubovu.

Mara nyingi kosa huwa dogo: sensa iliyojaa tope na unga wa chuma, waya uliokatika, au beringi iliyofungwa kinyume. Magari mengi ya siku hizi yana pete ya sumaku ndani ya kifuniko cha beringi, na kwa macho pande zote mbili zinafanana. Kabla fundi hajaigonga beringi mpya, shika kibanio cha karatasi uguse pande zote mbili: upande unaokivuta ndio unaopaswa kuitazama sensa.